Daftari la mtaro wa bomba, Mtoni: jina nililoliruka

Wakuu, salaam. Na nyie wajukuu mnaojificha nyuma ya picha za wachezaji, marahaba, nimeitika kabla hamjaniamkia.

Mie ni bibi wa miaka sabini na ushee, naishi Goba kwa mwanangu. Humu huwa nasoma tu, sichangii. Leo naandika, na ninachoandika kimenitokea mwenyewe. Anayetafuta chai akabandike sufuria kwake.

Kisa ni grupu la WhatsApp la mtaa wetu. Jana mjumbe kaweka orodha ya watu ambao hawakutokea kusafisha mtaro. Watu wakacheka, wakatupia vikatuni. Mwanangu akanionesha ili na mie nicheke.

Simu ikaniponyoka. Akadhani sukari imeshuka, akanikimbilia na soda. Sikumwambia kitu.

Nawaambia nyie.

Miaka ya Ujamaa tulikuwa tunakaa Mtoni. Mume wangu, Baba Zuhura, mtu wa Newala, alikuwa mchonga vinyago. Alichongea uani kwetu, hana mwajiri, hana karatasi yoyote ya kazi. Hilo lishikeni.

Bomba lilikuwa moja, mbali, na mtaa mzima tunalitegemea lilelile. Foleni hatukupanga ndoo, zingeibiwa. Tulipanga mawe. Kila mama na jiwe lake, na linajulikana. La kwangu lilikuwa kipande cha jiwe la kusagia. Unaliweka alfajiri, unarudi kupika uji, maji yakija unasimama palipo na jiwe lako. Kugusa jiwe la mtu ilikuwaga kesi.

Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Salumu, akahangaika mpaka tukakubaliwa kuvutiwa bomba letu. Sharti tuchimbe mtaro wenyewe. Basi kila Jumamosi wanaume na majembe, wanawake na makarai.

Mzee macho yalishaanza kumtupa mkono, na mie nilikuwa nimemaliza elimu ya watu wazima, najua kuandika. Daftari la mahudhurio nikapewa mie. Wakuu, kichwa kilinivimba! Natembea na kalamu sikioni utadhani karani wa bandarini.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mama Hadija. Mumewe, Mohamedi, kibarua wa kubeba mizigo, leo kazi ipo kesho haipo. Watu wapole, sina baya la kuwasema.

Siku moja nafika bombani, nakuta jiwe langu limesogezwa nyuma kabisa, na mahali pake lipo la Mama Hadija. Nikamuuliza, akasema hajui. Maji yakakatika sijapata hata tone.

Nikarudi nyumbani nimefura. Sikugombana naye. Bora ningegombana.

Jumamosi ile, ya kwanza ya kuchimba, Mohamedi alikuja, akachimba mpaka shati likalowa chapachapa. Nikamruka kwenye daftari. Jumamosi ya pili nikamruka. Ya tatu pia.

Balozi alikuwa ameshatangaza kwamba asiyechimba hatateka. Mie nilitaka tu siku bomba likifunguliwa Mama Hadija aambiwe subiri, na yeye aonje kusogezwa nyuma. Haki ya Mungu sikuwaza zaidi ya hapo.

Sasa siku hizo serikali ilikuwa inakamata watu wasio na kazi mjini, inawapeleka vijijini wakalime. Tunasikia Tandale wamezoa, kesho tunasikia kwingine. Kila nikisikia ngurumo ya gari kubwa nilikuwa nachungulia uani, namtazama Baba Zuhura na vinyago vyake.

Wakaja kwetu saa nne asubuhi, tupo mtaroni. Lori limejaa mgambo, na afisa mmoja mnene, mtaratibu wa kusema. Wanaume wakatakiwa watoe karatasi za kazi. Wenye nazo huku, wasio nazo kule. Mume wangu kule. Mohamedi kule. Jumla walikuwa sita.

Mzee Salumu akajitosa. Akasema hawa si wazururaji, wanajitolea kila wiki, ushahidi upo kwenye daftari. Afisa akafikiri, akasema vizuri, aliyehudhuria abaki, asiyehudhuria apande gari.

Balozi akanigeukia mie nisome.

Nikasoma jina la mume wangu. Jumamosi zote. Akaambiwa rudi kwenye kazi. Nikasoma wengine, wakarudi. Sauti yangu mwenyewe nilikuwa naisikia kwa mbali. Afisa alishakuja kusimama begani kwangu, anafuata mistari kwa kidole.

Tukafika kwa Mohamedi. Vyumba vyake vitatu vya daftari, vitupu.

"Huyu mbona hayupo?"

Mohamedi hakumtazama afisa. Alinitazama mie.

"Mama Zuhura, si nilikuwepo? Si uliniona?"

Nikisema ndiyo, daftari ni la uongo. Likiwa la uongo, mume wangu naye anapanda lori, na pengine mie mwenyewe. Niliyapima yote hayo kwa muda wa kumeza mate. Sijawahi kuogopa vile, si kabla wala baada, na nimezaa watoto watano.

"Ndivyo ilivyoandikwa," nikasema.

Wanaume waliochimba naye bega kwa bega, mume wangu akiwemo, wakaangalia mchanga. Kila mmoja alikuwa ameponea chupuchupu, nani angefungua mdomo? Mohamedi akapanda. Jembe lake likabaki mtaroni.

Mama Hadija alikuwa bombani. Aliporudi na ndoo kichwani, gari limeshaondoka. Yeye aliamini mie niliandika nilichotajiwa na mzee Salumu, na macho ya mzee ndiyo yaliyokosea. Alimsema yule mzee mtaa mzima, na mie nikaacha asemwe. Baba Zuhura hakuniuliza kitu, ila tulikuwa tunakula kama wageni.

Kilichofuata ndicho kilichonimaliza.

Mama Hadija hakujua kusoma. Akaja kwangu nimwandikie barua kwa mumewe, ambaye alipelekwa huko bonde la Rufiji. Nikamwandikia. Na kwa shukrani akawa kila alfajiri ananibebea jiwe langu, analiweka mbele ya la kwake. Naenda bombani, nalikuta la kwanza.

Nilikuwa naogopa siku jibu litakapokuja. Msomaji ni mie, nani mwingine?

Likaja. Mwalimu wa kijiji ndiye aliyemwandikia. Mama Hadija akakaa kizingitini kwangu na ungo wa mchicha, akasema, "Nisomee, shoga yangu."

Nikasoma salamu. Nikasoma habari za mihogo na homa iliyomlaza wiki mbili. Halafu nikaona mstari wa chini.

Ningeweza kuuruka. Kuruka nilishakujua. Hakuna ambaye angejua maisha yake yote.

Nikausoma. "Muulize Mama Zuhura nilimkosea nini. Jumamosi zote nilikuwepo, na aliniona."

Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua mchicha kidogo, mikono ikasimama.

"Ni lile jiwe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hadija ndiye aliyelichezea. Aliniambia baadaye, nikaona limeshapita, nisikusumbue."

Akachukua ungo wake, akachukua na barua, akaenda kwake.

Alfajiri yake nikaenda bombani, najua leo mtaa mzima utanisubiri. Hakuna aliyeniuliza kitu. Jiwe langu lilikuwepo, mbele ya yote, kama kawaida. La kwake halikuwepo. Nikakimbia kwake, nikakuta chumba kitupu. Amemchukua Hadija, wamemfuata Mohamedi.

Bomba letu lilikuja kufunguliwa. Balozi akasema karani ndiye afungue wa kwanza. Nikafungua, maji yakatoka kwa nguvu, wanawake wakapiga vigelegele. Sikuyanywa siku ile.

Kwa mzee Salumu nilikwenda kukiri, lakini nilichelewa, alikuwa mgonjwa wa kitanda. Sijui kama alinisikia.

Nyie mnaobandika majina ya watu kwenye magrupu kwa hasira za jana, mie nimejifunza hivi: unajua unayemwandika, hujui karatasi yako kesho itasomwa na nani, na kwa kazi gani.

Kama humu yupo Hadija, mtoto wa Mohamedi, aliyechezea jiwe la kusagia Mtoni, naogopa sana usome uzi huu. Lakini usome. Baba yako hakunikosea chochote.

Haya, uwanja wenu, semeni. Hata matusi leteni. Nitayasoma yote, sitaruka hata moja.