Kliti za Baba

Baba alipostaafu ualimu alinunua baiskeli ya mashindano na viatu vya mtumba vyenye soli ngumu kama ubao. Kufunga kliti, vile vibao vya plastiki vya chini ya kiatu vinavyonasa kwenye pedali, aliniachia mimi, kwa kuwa nimeendesha kwa miaka kadhaa. Sikuipenda kazi hiyo. Barabara ya Busia ina malori, na mguu usiochomoka kwa wakati humwangusha mtu palepale.

Jumamosi asubuhi tuliketi nje ya nyumba yetu Kisumu, yeye akiwa amevaa viatu tayari. Kliti hukaa chini ya fundo la kidole gumba, kwa hiyo nilibonyeza kiatu nikilitafuta.

"Ni hapa, Baba?"

"Hapo hapo."

Nikawa na shaka, nikasogea nyuma kidogo. "Au hapa?"

"Hapo pia ni sawa."

Nikabonyeza ncha kabisa ya kiatu. "Na hapa?"

"Sawa tu, nyara, binti yangu. Funga twende."

Nilimvua viatu na soksi, nikamwambia afumbe macho na aseme akihisi mguso, kisha nikamgusa kidole kimoja baada ya kingine. Hakusema kitu mpaka nilipofika karibu na kifundo cha mguu.

"Tangu lini?"

Alitazama geti. "Daktari alisema ni sukari. Mama yako nilimwambia ni uchovu."

Nilitaka kufuta safari. Lakini alikuwa ameishika helmeti yake magotini. Nikaziweka kliti mfukoni, nikafunga pedali za kawaida, nikamletea raba zake pana.

Nilimfuata nyuma mpaka Kisian, macho kwenye miguu yake, nikishtuka kila lori lilipotupita. Aliposimama, nilipiga magoti kando ya barabara nikamkagua nyayo zote mbili. Hakukuwa na jeraha.

"Utamwambia mama yako?" aliuliza.

"Utamwambia wewe. Mimi nitakaa hapo karibu."

Alimwambia wakati wa chakula cha mchana, akiongea na sahani zaidi kuliko na mtu. Mama aliuacha ugali wake, akanawa mikono, akavuta stuli mbele ya Baba.

"Lete hiyo miguu niione," alisema.