Paa la Kuficha

Juzi nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi hapa Bukoba kununua misumari, masikio yangu yakanichelewesha. Binti wa chuo, anayesomea uchoraji wa ramani za nyumba, alikuwa akibishana na baba yake. Alimchorea nyumba kwenye kompyuta, paa limetokeza nje kuzuia mvua, madirisha makubwa ili umeme utumike kidogo. Mzee akataka paa la kuficha, lile lisiloonekana nyuma ya ukuta, kama la jirani yake kule Rubya.

"Taata, litavuja! Kompyuta imeonyesha mpaka mahali maji yatakapotuama."

"Kompyuta yako haijui jirani yangu anavyonitazama, mwanangu waitu."

Simu ya binti ikalia, akaipokea kwa spika. Ni mwalimu wake, aliyekwisha kumkatalia mada mbili za utafiti, na siku hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa kupeleka nyingine. Binti akamtazama baba yake kuanzia kofia hadi viatu, kama fundi cherehani anayechukua vipimo.

"Mwalimu, nitatafiti kwa nini mwenye nyumba anaikataa ramani inayomfaa."

Mada ikakubaliwa papo hapo. Mzee alipoona duka zima tumemgeukia, akaona haya. "Basi, mwanangu, tujenge hilo paa lako."

"Hapana, Taata! Jenga la kuficha kwanza, nimalize utafiti."

Mvua zikianza nitapita Rubya kuwasalimia. Nitachagua kwa makini pa kukaa.