Alama Niliyoiona Kwenye Ramani ya Upepo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipopanda gari la mizigo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwenda mjini Mbarara nikiwa nimebeba swali la mama mmoja. Mama Sifa alikuwa jirani yetu, tulikimbia naye kutoka Kivu Kusini. Kijana wake, Espoir, alikuwa mpishi katika meli ya mizigo, na redio ilikuwa imetangaza kimbunga katika bahari waliyokuwa wakiivuka. Mama alikuwa amefunga kula, anamwombea.

"Weye ndiye musomi wetu," aliniambia. "Uende uangalie kama upepo iko mingi kule mutoto wangu iko."

Nilikuwa nasomea fizikia chuo kikuu huko Mbarara, na nilijiona sana, nisikufiche. Nilivaa tai hata kwenye jua kali. Nilijua kwamba setilaiti hutuma mawimbi ya mikrowevu baharini na kupokea yanayorudi. Kadiri maji yanavyochafuka ndivyo mawimbi hayo yanayorudi yanavyobadilika, na hapo upepo hukadiriwa. Lakini mvua kubwa huvuruga kipimo, na upepo ukizidi sana setilaiti huweza kuusoma pungufu. Ndiyo maana penye mvua ramani huwekewa alama ya shaka. Kwenye kompyuta ya chuo niliiona alama hiyo, palepale kwenye njia ya meli. Namba yenyewe ya upepo ilikuwa ndogo. Nikaichukua namba, alama nikainyamazia.

"Upepo ni wa kawaida, mama," nilimwambia niliporudi.

Alilia kwa furaha. Akaacha kufunga, akasonga bugali, akaita majirani, tukaimba na kucheza. Nami nilikula nikashiba.

Baada ya siku chache simu ikaleta habari kwamba meli ilizama siku ileile tuliyocheza, na hakupona mtu. Nilikwenda kwake sina pa kuweka uso. Hakunigombeza.

"Sikukutuma uniletee furaha," alisema. "Ungesema haujue, ningeendelea kumuombea. Mutoto wangu anakufa, miye niko nacheza."

Mwanangu, nimeota mvi na maneno hayo bado yananiuma. Watu watakutegemea kwa kuwa umesoma, nawe utaona aibu kusema hujui. Sema hujui. Ulicho na shaka nacho kiseme hivyohivyo, hata kama anayekusikiliza ataumia, kwa sababu kungoja kwake na kuomba kwake ni haki yake, usimnyang'anye. Mungu akulinde, akupe ujasiri wa kurudi kwa mtu mikono mitupu, na akuepushe na shukrani usiyostahili.