Kiganja cha Kuonjea Mchunga

Jana alasiri nilimwaga maji ya mchunga kwenye mawe ya uani, na mvuke uliponipanda usoni ikabidi niegemee ukuta. Harufu yake haifanani na ya mboga nyingine. Ni kama nyasi zilizolowa, na ndani yake mna kitu kama dawa ya mizizi iliyochemshwa mpaka ikachoka. Nilisimama pale na sufuria mkononi hadi maji yote yakapotelea mferejini, nikajua kwamba nisipoiandika habari hii sasa, nitakuwa nayo kichwani mpaka Idi.

Niwieni radhi mapema. Kuandika nimejifundisha mwenyewe, kama nilivyojifundisha kupika, na katika yote mawili nina ugonjwa mmoja: sipati raha mpaka kitu kiwe sawasawa, nacho hakiwi. Hayo mliyokwisha kuyasoma nimeyafuta na kuyarudia tangu asubuhi.

Kwa asiyeujua, mchunga ni majani yanayojiotea yenyewe mipakani mwa mashamba na kando ya njia; ukiyakata hutoa utomvu mweupe. Ni mchungu. Wapo wanaoapa kuwa hakuna mboga iliyo tamu kuliko hiyo, na wapo wanaosema kuwa ni adhabu iliyotiwa nazi. Ubishi huo nimeusikia maisha yangu yote, na kila unapoanza mimi hunyamaza, kwani niliwahi kuwa hakimu wake, na sikuwa hakimu mzuri.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini. Tulikaa Mji Mkongwe, nyumba ya juu na chini, mwendo mfupi kutoka Darajani. Mama aliachwa, akaondoka. Hapakuwa na makelele. Alifunga kanga zake, akachukua mbuzi yake ya kukunia nazi, akanibusu utosini na kupanda gari la shamba kurudi kwao Chwaka. Wakubwa walikwisha kukaa na kuamua kwamba mimi nibaki kwa baba, karibu na chuo cha Kurani na skuli. Watu huwasikitikia watoto wanaohamishwa. Mimi sikuhamishwa. Nilibaki na kitanda kile kile, dirisha lile lile, ngazi zile zile ambazo mojawapo ililia kila ikikanyagwa. Jiko tu ndilo lililonyamaza.

Kisha akaja Shangazi Moza, dada yake baba, na mbuzi yake mwenyewe kwapani. Alikuwa mjane na hakujaaliwa mtoto. Alikuwa mwembamba, msafi kupita kiasi, mtu wa kuosha mchele mpaka maji yaone haya. Alinisuka nywele bila ya kuniumiza. Alinipa ukoko wa wali bila ya kuombwa. Nami nilimjibu "Naam" kila aliponiita, nikamwamkia shikamoo asubuhi na jioni, na zaidi ya hayo sikuwa na la kumwambia. Tuliishi kama abiria wawili waliokaa kiti kimoja, kila mmoja akijibana asimguse mwenziwe.

Ramadhani ilipoingia nikapata kazi. Mwanamke aliyefunga hawezi kujua kama chungu chake kimekolea chumvi. Wengine hugusa kwa ncha ya ulimi kisha wakatema, lakini Shangazi hakuthubutu hata hilo. Kwa hiyo kila alasiri, muda mfupi baada ya kuswali, sauti yake ilipanda ngazi:

"Rukia! Njoo unionjee!"

Nilikuwa mdogo bado, sifungi. Nilishuka, nikanyoosha mkono, naye akanidondoshea mchuzi kiganjani kwa upawa baada ya kuupuliza mara kadhaa. Nililamba, nikafumba macho, nikatoa hukumu. Imezidi. Imepungua. Ipo. Sikuwahi kupewa jambo kubwa kama lile. Niliamini kwamba nikikosea, futari ya nyumba nzima imeharibika, na pengine na swaumu zao. Usiku nililala nikijiuliza kama kweli ile tambi ilikuwa "ipo" au nilisema haraka tu ili nikacheze.

Siku moja baba alirudi na pakacha la mchunga, limetoka Chwaka kwa gari la shamba. Aliliweka chini bila ya kutaja limetoka kwa nani, na Shangazi alilipokea bila ya kuuliza. Mimi nilichutama nikaliona fundo la ukili lililofungwa kwa mtindo ninaoujua, nikaligusa kwa kidole.

Shangazi aliniangalia. "Mamako alikuwa akiupikaje?"

"Sijui. Mi nilikuwa nala tu."

"Basi ntaupika, nawe utanambia ukifikia wa mamako. Sawa?"

Hapo ndipo palipoanza mambo. Siku ile aliuchemsha, akamwaga maji, akaukamua, akautia vitunguu na tui. Alinidondoshea kiganjani. Nilifumba macho, nikautafuta wa mama. Ulikuwa laini, wenye nazi nyingi, na uchungu umekaa mbali nyuma ya ulimi kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

"Umefikia?"

"Bado."

Pakacha halikuwa la mwisho. Kila mara gari la shamba lilipoleta jingine, Shangazi alijaribu njia nyingine. Alichemsha na kumwaga maji mara mbili. Aliuchanganya na matembele ili uchungu upate mwenzi. Alikuna nazi mbili na kutia kasimile, lile tui zito la mwanzo, mpaka mchunga ukang'aa kama umepakwa mafuta. Alikata embe mbichi vipande vyembamba kama kucha. Hatimaye akagundua ndimu: haitiwi jikoni, hukamuliwa chungu kikishateremshwa, na harufu yake huruka mara moja juu ya moshi na kuufanya mwili wote ukumbuke una njaa. Baba aliusifu. Wageni waliokuja kufuturu waliusifu, wakafuta sahani kwa vipande vya muhogo. Na mimi, kila siku, na kiganja changu kimenyooshwa:

"Umefikia?"

"Bado, Shangazi."

Jirani yetu wa nyuma, Bi Shanta, alikuwa Mhindi ambaye dini yake haikumruhusu kula katika chungu kinachopikiwa nyama. Yeye alihukumu kwa pua tu. Alikuwa akiinama juu ya ukuta mfupi wa uani, akivuta harufu kwa kelele.

"Wa leo mtamu, Bi Moza! Nshashiba hapa nilipo."

"Ngoja kwanza mkubwa wangu aseme," Shangazi alimjibu, akinionyesha kwa upawa.

"Bado," nilisema.

"Alaa! We Moza, wewe wamtia mtoto mchuzi kiganjani, kumbe yeye ndiye kakutia wewe kiganjani!"

Wakacheka wote wawili. Nilimsikia Shangazi akicheka, lakini nilimwona pia akifuta upawa ambao haukuwa mchafu. Siku ile ile Bi Shanta alimfundisha kuyasugua majani kwa chumvi kabla ya kuyachemsha, kama yeye alivyofanya kwa majani ya uwatu, na Shangazi alisugua mpaka vidole vikawa vya kijani. Haukufikia.

Karibu na mwisho wa mwezi Bi Shanta alinikamata peke yangu pale ukutani. Alinipa kipande cha jegeri, ile sukari guru, akangoja nikitie mdomoni, ndipo akasema kwa sauti ya chini:

"Mwambie umefikia, mwanangu. Neno moja tu. Utapungukiwa nini?"

"Ntakuwa nasema uongo."

"Uongo mdogo."

"Ramadhani hii, Bi Shanta. Uongo unaharibu funga."

"Na wewe hufungi!"

"Yeye anafunga," nilisema. "Itaharibika yake."

Alinikodolea macho, kisha akajifunika mdomo kwa mtandio wake. Sikujua kama alikuwa akicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hakika kabisa na hesabu yangu: Shangazi ameshinda na njaa na kiu tangu alfajiri, na mimi kwa neno moja niumwage mchana wake wote kama maji ya mchunga? Nilimwonea huruma mno hata nikashindwa kumdanganya. Hivyo ndivyo nilivyoyaona mambo, na hakuna aliyenieleza vingine.

Alasiri ya mkesha wa Idi lilipikwa pakacha la mwisho. Nilishuka kabla sijaitwa. Shangazi alikuwa amechutama mbele ya chungu, kanga imemganda mgongoni kwa jasho. Alipuliza upawa, akanidondoshea. Nilifumba macho, nikatafuta kwa bidii kuliko siku zote, kwa kuwa kwa mara ya kwanza nilitamani niukute. Nilipoyafumbua, nilikuwa tayari kueleza: leo umekaribia, umebakia kidogo tu.

"Chumvi ipo?" aliuliza.

"Ipo."

"Haya. Kacheze."

Nikangoja. Hakuuliza lile jingine. Alifunika chungu, akageuka kuchochea kuni. Nilisimama mlangoni na kiganja changu kikinata tui, mpaka mzinga wa magharibi ukalia na watu wakaanza kushuka kufuturu. Nimewahi kuwa mpweke kabla ya hapo na baada yake, lakini upweke nilioujua kwa jina ni ule wa mlangoni mwa jiko: ule wa kukosa kuulizwa.

Mwaka uliofuata nilianza kufunga, na kazi ile ikaisha yenyewe. Mapakacha nayo yalipungua. Mama aliolewa huko kwao, akapata watoto wengine.

Nilikuwa msichana mkubwa niliporuhusiwa kwenda Chwaka kukaa naye siku kadhaa. Hatukuwa na mengi ya kusemezana. Alinitazama kama mtu anayetazama nguo aliyoishona zamani, akishangaa mishono. Siku ya pili alikwenda mwenyewe kuchuma mchunga. Nilikaa jikoni nikimwangalia, maana hatimaye nitaiona njia yenyewe. Hapakuwa na njia. Aliukatakata, akauchemsha mara moja, akamwaga nusu ya maji kwa haraka huku akimkemea mdogo wangu aliyekuwa akichezea majivu, akautia tui jepesi la mwisho na chumvi nyingi. Basi. Uchungu wote ulikuwa mle mle. Shangazi alikuwa amehangaika mwezi mzima kukitoa kile kile nilichokuwa nikikitafuta.

Tulikaa mkekani. Mama aliniwekea sahani, akasubiri.

"Ndio ule ule?"

Nikatia mdomoni. Ulikuwa ule ule, kabisa, bila ya kupungua. Uchungu ulinijaa mdomo mzima, nao haukuwa umejificha nyuma ya mlango wowote. Na ulimi wangu, bila ya kuniomba ruhusa, ukasema: bado. Ulikuwa ukitafuta ndimu.

"Ndio ule ule, mama," nilimjibu. "Umefikia."

Aliridhika, akawagawia wadogo zangu. Nilikula mpaka sahani ikawa tupu, na kila tonge nilijisikia mgeni.

Niliporudi mjini Shangazi alikuwa juu, anachagua mchele kwenye ungo. Aliniuliza habari za njiani na za wenyewe. Kisha, bila ya kuinua macho:

"Mlikula mchunga?"

"Tulikula."

"Enhe?"

Nilitaka kusema mengi. "Hauna ndimu," nilisema.

Vidole vyake vilisimama juu ya mchele. "Mamako hakuwa mtu wa ndimu," alisema. "Lakini mkono wake mzuri. Usije ukamsema." Akaendelea kuchagua. Baada ya kitambo aliweka ungo chini, akashuka jikoni, na huko jikoni hapakuwa na chungu chochote motoni. Nilikaa juu, nikaisikiliza ile ngazi yetu ikilia chini ya miguu yake, nikaogopa kumfuata.

Shangazi hayupo tena. Mimi nakaa peke yangu Mlandege, chumba na ua mdogo, na Ramadhani hii nimefunga kama wenzangu. Jana, nilipokwisha kumwaga yale maji, nikautia mchunga kasimile, nikauteremsha, nikaukamulia ndimu. Nilipika kwa kukisia kwa kuwa sikuweza kuonja, na mtu kama mimi hawezi kupika kwa kukisia. Nikafungua mlango nikamwita mtoto wa jirani, msichana wa miaka sita, aliyekuwa akiruka kamba kibarazani.

Aliingia akihema, akanyoosha mkono. Nikapuliza upawa, nikamdondoshea kiganjani. Akalamba. Akafumba macho, hakuna aliyemfundisha. Nami hapo nilipochutama, na upawa hewani, nikajikuta nimezuia pumzi, namtazama usoni kama mtu anayengoja kufunguliwa mlango. Ndipo nilipojua jinsi alasiri zile zilivyokuwa kwa upande wa pili wa kiganja. Shangazi hakuwa akiuliza habari za mchunga. Alijua tangu pakacha la kwanza kwamba mboga ya mwenziwe hawezi kuifikia. Alikuwa mama mgeni katika jiko la mtu, akimuuliza mtoto, kwa njia pekee aliyokuwa nayo, kama anaweza kukaribishwa.

Mtoto akafumbua macho.

"Chumvi ipo," alisema, akajifuta kiganja kwenye gauni, akakimbilia kamba yake.

Kulikuwa na swali jingine. Sikumwita arudi. Nilifunika chungu, nikakaa kungoja magharibi.