Samaki wa Bukama na Mbwa wa Sokoni

Mke wangu ana kichwa kigumu, na mimi najivunia kichwa hicho. Anayebisha aje aniulize, nilikuwepo.

Anauza samaki sokoni hapa Kamina, wale wanaoletwa na treni kutoka Bukama. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka zamu ya stesheni, nikapita kumsalimia. Beseni limejaa, hakuna anayenunua. Uvumi ulikuwa umeshuka na treni ileile: huko mtoni kuna watu wanavua kwa kumwaga sumu majini. Samaki wa nani, wa upande gani, hakuna aliyejua.

Njia ya kujua, watu walisema, ni rahisi: mpe mbwa mmoja, ngoja mpaka jioni. Mbwa mwenyewe alikuwa pale chini ya meza, jike mwembamba asiye na mwenyewe, anatikisa mkia. Mke wangu akakataa, na soko zima likageuka baraza. Muuza nyama akasema mbwa ni mbwa tu. Mama mmoja wa kwaya akasema Mungu alitupa wanyama tuwatunze, hakusema tuwaue kwa kubahatisha, wakamcheka. Kijana anayesomea udaktari akatukumbusha kwamba dawa tunazomeza zilianzia kwa panya, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzikataa. Hapo wengi wakaitikia. Loo, nikaona mke wangu ameshindwa.

Akasimama, akakaza kitenge chake kiunoni.

"Dawa inatafuta kuponyesha muntu," akamwambia yule kijana. "Minyi natafuta kuuzisha tu. Kama minyi mwenyewe niko na mashaka, siwezi kutuma roho ingine mbele yangu."

Muuza nyama akamwonya kwamba atakula hasara. Akamjibu kuwa hasara ni yake, si ya mbwa. Akabeba beseni mpaka nyuma ya soko, akaazima jembe, akaanza kuchimba. Samaki wa juma zima! Roho iliniuma, sikatai, maana tungekula bukari, ugali wetu, na majani ya sombe tupu mpaka treni nyingine ije, na treni zetu mnazijua zinavyochelewa.

Nyuma yangu mtu akacheka, akauliza huyu mwanamke mjinga ni wa nani.

"Njo bibi yangu, ni wangu," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza unga.

Nikaenda kumpokea jembe. Tukafukia, tukamwaga mafuta ya taa juu ili yule mbwa asije kufukua. Mpaka leo hatujui kama sumu ilikuwamo, na bibi yangu hajawahi kuuliza.