Mpishi wa Makambako Aliyegomea Swichi ya Kufungwa kwa Ufunguo

Moshi wa kuni za miwati unatanda jikoni. Nikodemo ananyoosha mkono wenye unga, anavuta kamba. Feni iliyo ukutani juu ya jiko inaanza kuzunguka polepole. Anavuta tena, inakwenda kasi, na moshi unatoka nje.

“Kamba hii nimeipigania,” anasema, bila kucheka.

Hapa ni nyumbani kwa mkulima mmoja wa Kizungu, nje kidogo ya Makambako, mwaka huu wa 1957. Nikodemo, Mkinga wa Makete, amepika hapa tangu vita viishe, na sasa analipwa shilingi sabini kwa mwezi. Moshi umemharibu macho, maandishi hayaoni vizuri. Biblia anasomewa na mkewe, Idda.

“Alikuwa akikohoa mpaka namshika mgongo,” Idda anasema.

Mwaka jana mwenye nyumba alinunua jenereta, kisha feni, kwa kuwa moshi ulikuwa ukifika sebuleni. Akamwita Filemoni, fundi umeme wa Njombe, na kumwagiza aweke swichi chumba cha kulia, ndani ya kisanduku cha kufuli. Alihofia watumishi wangemaliza dizeli.

Nikodemo aliweka chini kisu cha kumenyea viazi.

“Bwana, anayevuta moshi ni mimi. Nikikabwa, nije mezani kuomba ufunguo?”

“Utaomba.”

Jumamosi, kisanduku kikiwa kimeshawekwa, wageni walikuja kula. Nikodemo akamwagia moto maji, akavua aproni, akaketi nje.

“Nilijua naweza kufukuzwa,” anasimulia. “Hata chumba tunacholala ni cha bwana. Nikamwambia, kupika nitapika, lakini pumzi yangu haifungiwi kabatini.”

Alifukuzwa mbele ya wageni. Yeye na Idda wakafunga mizigo, wakaenda kwa ndugu huko Mdandu.

Nafasi yake alipewa Sila, mpishi mwingine. Sila alipokiona kisanduku kile, aliuliza yaliyompata aliyemtangulia. Alipoambiwa, akageuka na kuondoka.

“Leo yeye, kesho mimi,” anasema Sila.

Mwenye nyumba, akiwa hana mpishi, akamwita Nikodemo arudi. Alirudi, lakini mizigo hakuifungua. “Fundi kwanza,” alisema.

Filemoni akaja na swichi mbili, ya kuzungusha ukutani na ya kuvuta kwa kamba.

“Kaka, chagua wewe unayekaa humu,” alimwambia.

Nikodemo akachagua kamba yenye mwendo wa aina mbili. Mikono yake haikauki maji, na swichi ya ukutani aliogopa ingempiga umeme. Akioka mkate anataka feni iende taratibu, moto usivutwe. Akikaanga, anataka kasi.

Mwenye nyumba hajasahau. Amefuta sukari aliyokuwa akimpa kila juma. Nikodemo anakunywa chai bila sukari, na haombi.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, yeye na Sila watakutana na wapishi wa mashamba ya jirani kuanzisha chama chao.

“Kuna majiko ambayo hata dirisha limepigiliwa misumari,” anasema. “Tutaanza na hayo. Mwenye nyumba akikataa, ashike mwiko mwenyewe.”