Robi na Kiti cha Trekta la Nyasi

Robi mke wa Elia hakuwa mwoga, ila Jumamosi ile aliamka kabla ya jogoo. Miaka tisa uwanja wa mpira wa Kisaka umekatwa nyasi kwa mkono wake na fyekeo lake. Sasa mtu mmoja wa kijiji hapo aliyefanikiwa huko Mwanza kaleta trekta dogo la kukatia nyasi, lile la kupanda ukakaa, jekundu, linang'aa mpaka ng'ombe wamegoma kulipita. Kamati ya uwanja ikatangaza: atakayeliwasha na kuliendesha kwa utaratibu mbele ya fundi, ndani ya nafasi tatu, ndiye dereva. Akikosekana, aletwe mtu kutoka Mugumu. Na mwenye fyekeo je? Akapumzike nyumbani. Robi kupumzika hataki hata kukusikia!

Fundi alikuwa Maftah, mzaliwa wa Mugumu ambaye babu yake alitoka pwani, mtu wa sauti ya chini lakini hana mchezo na petroli. Wiki nzima alikuwa amewafundisha Robi na kijana Heche, wa bodaboda, hatua kwa hatua.

Akaanza Heche. Kalirukia trekta kama pikipiki yake, kazungusha funguo. Kimya. "Breki hujakanyaga," Maftah akasema. Akakanyaga, akazungusha. Kimya tena. "Visu umeviacha vimeunganishwa. Vitenge na injini kwanza." Mara ya tatu akaing'ang'ania funguo, trekta likalia weee mpaka Maftah akamshika mkono. "Sekunde tano tu, kisha unaliacha lipumue! Utaua betri. Na oili hukuangalia kabisa. Shuka, mura, kijana wangu." Watu walicheka, na Heche mwenyewe akacheka, maana angefanyaje?

Zamu ya Robi. Huyu hata kiti hakukitazama. Kwanza aliuzunguka uwanja akiokota mawe, kipande cha waya na ndala moja isiyo na mwenyewe. Akafukuza mbuzi. Akafukuza watoto. Mzee mmoja mwenye sigara naye akafukuzwa kwa heshima zote. Kisha, trekta likiwa mahali tambarare na injini ikiwa baridi, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukisoma. Oili ipo. Petroli akaiongeza taratibu bila kumwaga hata tone, akafunga kifuniko. Maftah alikuwa anatikisa kichwa kwa raha.

Akapanda. Akakanyaga breki mpaka mwisho. Visu vimetengwa. Choki, ile ya kuamsha injini baridi, imevutwa. Funguo. Injini ikakohoa, ikakohoa, ikaitika! Robi alitaka kupiga kigelegele.

Hapo hapo akashuka kwenye bodaboda Mzee Nyamhanga, baba mkwe wake, katoka Kenyamonta na fimbo yake na koti lake la kanisani. Nani kamwambia? Akaja moja kwa moja mpaka mbele ya trekta.

Sasa, mwanamke wa Kikurya aliyelelewa akaleleka, atakaaje kitako juu, baba mkwe kasimama chini? Robi alisimama kabla akili yake haijajua. "Shikamoo, tata, baba yangu!" Mguu ukatoka kwenye breki, kiti kikabaki kitupu, injini ikakata.

"Marahaba, mwanangu. Mbona limenyamaza?"

"Robi!" Maftah akashika kiuno. "Chini ya kiti kuna swichi. Ukiinuka linajizima, lisije likakukata miguu. Hiyo moja."

Robi akakaa tena, akarudia kila kitu, macho kayainamisha kwenye usukani. Likawaka. Mzee akasogea karibu zaidi aone vizuri, na matako ya Robi, jamani, yakainuka yenyewe! Injini ikakata. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Unakalia misumari?" Maftah akauliza. "Mbili hizo. Imebaki moja."

Robi naye alicheka, kisha akaacha. Miaka tisa, halafu iishe hivi? Na nani atamwambia baba mkwe aondoke, mtu aliyefunga safari kuja kumwona? Akamnong'oneza fundi. Maftah akamwendea mzee. "Mzee wangu, mkweo anashindwa kukaa wakati wewe umesimama. Na hili bila mtu kukaa haliwaki."

Mzee Nyamhanga akalitazama trekta, akamtazama Robi. Kisha akageuka, akawapa wote mgongo, akakita fimbo chini na kutazama barabara. "Haya," akasema. "Mimi sipo."

Robi akakaa. Alikaa kweli kweli, kwa uzito wake wote. Breki, visu, choki, funguo. Likawaka! Akarudisha choki, akaunganisha visu, akaachia breki polepole, na nyasi zikaanza kuruka pembeni. Weee! Akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele kikaushinda muungurumo.

"Mura," mzee akamwita Heche bila kugeuka, "yuko wapi sasa?"

Na Heche, mshinde, akageuka mtangazaji wa mpira. "Anapita katikati, anakwenda, anakwenda! Anakata kona, mzee! Kona safi! Goli la kaskazini hilo!" Mzee alikuwa anatikisa mabega, anachezea pale pale aliposimama.

Robi aliumaliza uwanja wote. Akatenga visu, akakanyaga breki, akazima, akachomoa funguo, ndipo akashuka. "Funguo kaa nayo," Maftah akasema. "Dereva ni wewe." Robi alitaka kumkimbilia baba mkwe, akamkuta bado ametazama barabara, simu sikioni, anampigia kelele mama mkwe.

"Ungemwona!" mzee alikuwa anasema. "Amekaa juu pale kama mkuu wa wilaya! Hakutetereka! Nakwambia nimemwona kwa macho yangu haya mawili, mwanzo mpaka mwisho!"

Robi akasimama nyuma yake, funguo mkononi, akicheka mpaka machozi yakamtoka.